Mkoba Uliogoma Chini ya Kiti

"Mkoba wa mbwa lazima ubonyee," alisema mhudumu wa ndege. "Ndiyo maana tunataka wa kitambaa. Ukiusukuma chini ya kiti unajikunja mgongo, mbwa analala, safari inaendelea. Ule wa yule bibi haukubonyea. Niliusukuma kwa mkono, nikausukuma kwa goti, ukagoma."

"Ukafanyaje?" Mama Uzi aliuliza.

"Nikamwambia, samahani mama, chini humu kuna kibao, naomba tukitoe. Akasema, 'Kitoe tu mwanangu, bora mbwa wangu asibanwe.'"

"Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kitoe?"

"Yeye mwenyewe. Hata tochi ya simu alinishikia yeye. Nilipofunua kitambaa cha kukojolea, nikainua kibao nikakuta pakiti chini yake, mimi ndiye niliyepiga kelele. Yeye aliuliza kama ni dawa ya viroboto."

Mama Uzi alimshukuru, akamwacha aende akabadilishe sare. Jina halisi la mpelelezi huyu lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa mama yake mzazi. Pale kituo cha polisi cha uwanja wa ndege, kuanzia wafagiaji hadi mkuu wa kituo, alikuwa Mama Uzi, kwa sababu akishapata ncha ya uzi huivuta taratibu mpaka shati zima linafumuka na mwenye shati anabaki kama alivyozaliwa. Jina hilo alipewa na Kocha, mkuu wa kikosi cha mbwa. Kuvuta nako alifundishwa na Kocha huyohuyo, tangu enzi zile alipokuwa hajui hata kuandika maelezo ya shahidi bila kufuta mara kumi. Alipoolewa, na baba yake ameshafariki, Kocha ndiye aliyemshika mkono akamkabidhi kwa mume.

Aliingia chumba cha mahojiano. Kilikuwa na meza ya bati, viti vitatu ambavyo kimoja mguu wake umefungwa waya, na kioo kikubwa kilichotazama korido. Mwanamke mzee alikuwa amekaa wima, kijibwa cheupe kimejikunja mapajani mwake. Mkoba mtupu ulikuwa mezani. Pakiti zilikuwa zimeshapelekwa stoo ya vielelezo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndege imeshaondoka?"

"Imeondoka."

Mzee alifumba macho kidogo. Alikuwa mkunga mstaafu, na mikono yake bado ilikuwa na kucha zilizokatwa chini kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa leba wakati wowote.

"Binti yangu anapasuliwa kesho," alisema. "Mimba tatu zilimtoka, hii ya nne ndiyo iliyokubali kukaa. Nimezalisha nusu ya mji huu, leo wa kwangu azalishwe na wageni, mimi nimekaa hapa nimepakata mbwa?"

"Mama, mkoba wako ulikuwa na unga, na si wa kupikia. Kwa kiasi kile hakimu hatakuuliza umri. Utafia ndani, na mjukuu huyo utamwona kwenye picha. Nisaidie nikusaidie. Huyu mbwa ulimpata wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Na mtu mwema."

"Mtu mwema hana jina?"

"Analo, ila kwangu halitoki." Alimpapasa mbwa kichwani. "Alisema nimpelekee binti yangu zawadi, mtoto akizaliwa akute rafiki ndani ya nyumba. Vibali vyote alinihangaikia yeye, kwa njia za mkato, akaniomba nisimtaje asije akaharibikiwa kazini. Mimi ni mkunga, mwanangu. Ninajua baba halisi wa huyu na baba halisi wa yule. Ningekuwa na mdomo mwepesi, mji huu ungekuwa umeshaungua zamani. Sasa mtu kanitendea hisani, nimlipe kwa kumtia matatani?"

"Na kama aliyekutia wewe matatani ni yeye?"

"Hawezi." Alilisema hilo bila kupandisha sauti, kwa yakini iliyomuudhi Mama Uzi.

"Tangu uununue kwa daktari wa mifugo aliyesaini cheti cha mbwa, mkoba huu umewahi kutoka mikononi mwako?"

Kidole cha mkunga kiliendelea kuzunguka nyuma ya sikio la mbwa.

"Hilo nalo limo humohumo kwenye siri yake," alisema mwishowe.

Koridoni, mwisho kabisa karibu na mtungi wa maji, Kocha alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa pande la mtu, mwenye mifuko iliyotuna biskuti za mbwa siku zote, hata siku ya gwaride. Hakumfuata Mama Uzi mlangoni. Alimwita kwa kichwa.

"Amesema?"

"Anamficha mtu."

"Wote humficha mtu. Funga jalada, mdogo wangu. Mwendesha mashtaka anakuja kabla ya mchana, na mzee kakutwa na mzigo miguuni pake. Unataka nini tena, malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Alimwambia mhudumu akitoe kibao, kaka. Mbebaji gani anamshikia tochi mtu wa kumfunga?"

"Mbebaji aliyezeeka." Kocha alicheka. "Ukimchunguza sana bata, hutamla."

"Nieleze basi mzigo ulipitaje ukaguzi."

"Utaratibu. Abiria anamtoa mbwa, anambeba mkononi, mkoba unapita kwenye mashine. Kwenye mashine kibao ni kibao. Na mbwa wetu hasogezwi kwenye mkoba wa mbwa wa abiria, umesahau? Akinusa mwenzake anasahau kazi, au anataka kumrarua. Niliuandika mwenyewe ule utaratibu baada ya fujo za mwaka jana."

"Sijasahau."

"Kama huna amani, anza na daktari wa mifugo. Mikoba ile anauza yeye, na cheti cha mbwa kasaini yeye. Mbane, utaona."

Ushauri wa Kocha kwa Mama Uzi haukuwahi kuwa ushauri tu, ulikuwa njia. Akatuma gari, na muda si mrefu daktari wa mifugo akaletwa akiwa bado na koti lake jeupe lenye manyoya ya paka, jasho linamtiririka. Alikuwa mtu wa kuongea haraka, na woga ulimwongezea mwendo.

"Mkoba niliuza mimi, sikatai," alisema kabla hajakalia kiti vizuri. "Lakini haukuwa na kibao! Nauza vya kukunja. Niliukunja mbele ya yule mama kama shati, nikaufungua, nikamwonyesha zipu. Siku ileile nikamchunguza mbwa, nikampa cheti. Sijamwona tena."

"Mbwa alikuja na nani?"

"Na mama mwenyewe, peke yao."

"Ulimwambia nini kuhusu uwanja wa ndege?"

"Nilimwambia ajiandae. Nikasema, mama, pale polisi wana majibwa, yatakuja kukunusia mkoba, wewe mshike mwenzio asitishike."

Mama Uzi aliinua macho. "Uliamini mbwa wetu watausogelea mkoba?"

"Kwani hawausogelei?" Daktari alishangaa kwa dhati. "Sasa mnawafugia nini?"

Uzi wa daktari ulikatika hapo. Mtu aliyeweka kibao kwenye ule mkoba alijua mbwa wa kazi hatausogelea, na hilo halikuandikwa ukutani wala kwenye tiketi. Lilijulikana na watu wa kituo tu. Mama Uzi aliendelea kuuliza kwa sauti ileile.

"Kuna kingine ulichoona kwa mbwa?"

"Udogo wake. Kijibwa kama kile pamoja na mkoba hakipaswi kukaribia hata nusu ya kilo nane zinazoruhusiwa ndani ya ndege."

Kaunta walikuwa wameshamweleza kwamba mbwa na mkoba, vikipimwa pamoja, vilibakiza kidogo tu kufika kikomo. Hakuna aliyeshtuka. Mizani ya kaunta inauliza kama umezidi. Haiulizi kwa nini umekaribia. Kwa hiyo mbwa alichaguliwa mdogo makusudi, ili uzito uliobaki ukaliwe na mzigo.

"Na kitu kimoja kilinifurahisha," daktari aliendelea, sasa amepata pumzi. "Kumchoma sindano, nilitarajia purukushani. Nikapiga ulimi hivi, ta-ta, kumtuliza tu. Akajilaza chapu, kidevu mezani, kimya kama hayupo. Mbwa wa nyumbani hafanyi hivyo. Yule kafundishwa na mtu anayejua kazi."

Mama Uzi alimruhusu aende. Alisimama koridoni peke yake, na Kocha hakuwepo tena. Alikuwa ameenda getini kumpokea mwendesha mashtaka. Hapo ndipo jambo moja lilipomjia, dogo, la kijinga kabisa. Kocha ni mtu wa kusimamisha gari katikati ya barabara ili ampapase mbwa wa mtu asiyemjua. Leo, kituoni kwake mwenyewe, kuna mbwa mgeni tangu asubuhi, na Kocha hajaenda kumwona. Hajauliza hata jina lake. Hajasogea karibu na ule mlango.

"Hapana," alijiambia, akaenda mabandani.

Mwongoza mbwa msaidizi alikuwa anasugua sakafu kwa ufagio na dawa. Nyuma ya wavu alilala Sajini, jibwa jeusi la kazi, fahari ya kikosi, ambaye Kocha mwenyewe ndiye aliyemlea.

"Mtoe Sajini, nifuate naye."

"Wapi, afande?"

"Chumba cha mahojiano."

Msaidizi aliacha kusugua. "Kule kuna mbwa wa abiria. Kocha amekataza. Sajini atamla yule mzimamzima, afande! Juzi tu kamng'ata mwenzake sikio, damu mpaka ukutani. Huyu hataki hata kivuli cha mbwa mwingine."

"Kocha amekataza mbwa wa abiria. Yule si abiria tena, ni kielelezo. Mfunge mdomo, umshike kamba fupi, mimi nitasimama katikati. Nataka kujua ule utaratibu una ukweli kiasi gani."

Walipoingia, mkunga alimkumbatia mbwa wake kifuani akapiga ukelele. Haukumsaidia. Kijibwa kilimponyoka, kikaruka chini, kikakimbilia moja kwa moja kwenye miguu ya lile jibwa. Msaidizi alivuta kamba kwa nguvu zake zote. Sajini hakunguruma. Aliinamisha kichwa, akatikisa mkia, akajiangusha ubavu. Kijibwa kikampanda shingoni, kikamng'ata sikio kwa mchezo, kisha kikajikunja katikati ya miguu yake ya mbele na kutulia, kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

Msaidizi alibaki mdomo wazi. "Hawa wanajuana," alisema.

"Sajini amewahi kulala nje ya banda?"

"Hapana, afande. Labda... ile mara moja tu alipoumia mguu. Kocha alimchukua nyumbani akamuuguze. Karibu mwezi mzima."

Alipomaliza kulisema ndipo alipolisikia mwenyewe. Akatazama sakafu. Mama Uzi alipiga ulimi mara mbili, ta-ta, kama alivyomsikia Kocha akifanya miaka yote uwanjani. Jibwa na kijibwa vililaza videvu sakafuni kwa pamoja.

Mama Uzi alivuta kiti akakaa, na kilikuwa kile cha mguu wa waya, hata hakuona. Iliuma. Iliuma waziwazi, kama kuumwa na kitu ulichokilisha mwenyewe. Kila alichokijua kuhusu watu wanaosema uongo alikuwa amejifunza kwa mtu huyu, na mtu huyu alikuwa amemwelekeza kwa daktari wa mifugo akijua wazi kwamba hakuna kitu kule.

"Mama," alisema, "wewe na mkuu wa kikosi cha mbwa mnajuana?"

Mkunga alikitazama kijibwa pale sakafuni.

"Sikuombi jina. Nakueleza tu yanayoendelea. Tangu asubuhi kuna mtu anasimama mwisho wa korido hii ananiambia nifunge jalada lako. Amesema umekutwa na mzigo, basi. Amesema wewe ni mbebaji aliyezeeka. Ameniletea mwendesha mashtaka ili ushtakiwe kabla ya mchana."

"Sivyo," alisema mkunga.

"Ndivyo, mama."

"Yule ni jirani yangu. Wanawe wote watatu wamepitia mikono hii." Aliinyoosha mikono juu ya meza ya bati. "Mkewe alipotaka kutokwa na roho kwa damu, ni mimi niliyekesha naye. Jana jioni alikuja kuuchukua mkoba. Alisema anauwekea godoro la chini, mbwa asiumie mgongo njiani. Akaurudisha asubuhi, akanibebea mpaka kwenye teksi. Akanibusu mkono, mwanangu! Akaniambia, mama, usalimie huko."

Alianza kulia kimya kimya, bila kujifuta. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nilikuwa nawaambia wasichana wa leba kila siku. Kumbe nilikuwa nasema bila kusikia."

Nyayo nzito zilisikika koridoni, na sauti ya Kocha ikatangulia. "Mdogo wangu! Gari la mwendesha mashtaka limeshaegesha. Umemaliza?"

Kijibwa kilinyanyua masikio. Kilitoka katikati ya miguu ya Sajini, kikaenda mlangoni, kikaanza kuukwangua na kulia kwa sauti nyembamba ya furaha. Mama Uzi aliinuka akafungua mlango.

Kocha alikuwa amesimama na vikombe viwili vya chai. Alimwona kwanza Sajini amelala mahali asipopaswa kuwa, akamwona msaidizi anayetazama sakafu, akamwona mkunga. Kijibwa kilikuwa tayari kimelala juu ya kiatu chake, tumbo juu. Hakukitazama. Chai ilianza kumwagikia mikononi, naye hakuihisi.

"Tangu asubuhi nimekataa kukutaja," mkunga alimwambia. "Wameniambia nitafia jela, nikakataa kukutaja."

Kocha alimgeukia Mama Uzi. "Tuongee pembeni, mdogo wangu."

"Hapahapa."

"Kuna mambo huyajui. Kuna watu juu yangu, watu wabaya. Nilibanwa. Mzigo ungefika, angepokelewa vizuri, asingejua lolote, mjukuu wake angezaliwa, basi. Hakuna ambaye angeumia."

"Na alipokamatwa? Ulikuwa na asubuhi nzima ya kusema. Ulichosema ni funga jalada."

Kocha alitazama chai iliyokuwa inamchuruzika vidoleni.

"Mwongoza mbwa," Mama Uzi alisema bila kugeuka, "mpeleke Sajini bandani, kisha umwombe mwendesha mashtaka asubiri ofisini. Mwambie aliyekuja kumshtaki siye, mshtakiwa ni mwingine. Halafu pita kaunta, huyu mama wamtafutie kiti kwenye ndege ya jioni. Mwambie mkuu wa kituo nimesema mimi, na nitasaini mimi. Nenda naye, mama. Maelezo yako nitayachukua kabla hujapanda."

Mkunga aliinuka. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya Kocha, mfupi, akifikia kifuani pake tu. Mama Uzi alidhani atamtemea mate au atamlaani. Mkunga aliinama, akakiondoa kijibwa juu ya kiatu chake, akakipakata, akapita.

Wakabaki wawili. Kocha aliweka vikombe juu ya meza, taratibu, kama ana hofu ya kuvunja kitu.

"Nijibu moja tu," Mama Uzi alisema. "Ratiba ya zamu unaijua. Ungeweza kumpitisha juzi, ungeweza kumpitisha jana. Kwa nini leo? Kwa nini zamu yangu?"

Kocha alitafuta uongo, na Mama Uzi alimwona akiutafuta, kwa sababu Kocha ndiye aliyemfundisha jinsi mtu anavyoonekana akiutafuta. Kisha akaacha.

"Kwa sababu likiharibika, mwingine angeniuliza maswali," alisema. "Wewe hujawahi kuniuliza kitu. Miaka yote hii, nikisema neno, kwako limekwisha."

Lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimchoma kuliko kila kitu alichokisikia tangu asubuhi. Alifunga mlango. Alikivuta kiti alichokuwa amekalia mkunga, akakielekeza kwa Kocha, naye akakaa upande wa pili wa meza, upande wa anayeuliza.

"Kaa."

"Mdogo wangu..."

"Kaa. Jina lako kamili."

"Jina langu unalijua."

"Nakuuliza."